Kinu cha Nukta Nne

Gazeti lilifika Bwera saa nne asubuhi, limechelewa kama desturi yake, na kufikia saa tano kila mtu sokoni alikuwa ameshaiona michi ya Tsongo isipokuwa mke wake.

Loyi alikuwa ameinama juu ya kinu akitwanga sombe ya kuuza, majani ya muhogo yakimrukia hadi usoni, alipoona wanawake wa meza ya pili wamesongamana. Walichungulia kitu, wakamtazama yeye, wakachungulia tena. Mtu akitazamwa namna hiyo hujua kuna msiba au kuna umbea. Loyi aliuacha mchi ndani ya kinu, akapangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Ni nini?" akauliza. "Semeni tu. Miye si mutoto."

"Loyi we," akasema Sylivia, muuza samaki wa chumvi, "bwana yako anachongaka marungu siku hizi?"

Wakampa gazeti. Lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza cha Loyi kiliishia darasa la tano, ila picha haina darasa. Juu ya turubai la kijani ilipangwa mikuki mitatu, mapanga manane, upinde mmoja uliokatika uzi, na katikati, imelazwa kwa heshima zote, michi sita. Nyuma ya turubai aliketi afande mnene, mikono juu ya magoti, uso wa mtu aliyeua chui peke yake.

Michi ile Loyi aliijua. Mke wa mchongaji huijua kazi ya mumewe kama anavyojua kukoroma kwake. Siku kumi zilizopita Tsongo alikwenda Maliba, chini ya milima, kwa mwenye mti aliyemwahidi gogo zuri, akachonge huko huko vinu sita na michi yake sita. Halafu bunduki zikalia Kasese mjini Jumamosi na Jumapili, jeshi likiwasaka waasi. Jumatatu Tsongo alipiga simu kwamba amepata gari la mizigo, anarudi. Tangu hapo simu yake ilikuwa ya yule mwanamke asiyechoka kusema kwamba mtu hapatikani.

Chini ya picha, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na jina la aliyeipiga. Hilo Loyi aliweza kulisoma. Alilijua jina hilo tangu lilipokuwa likimkojolea mgongoni.

"Semu!" akasema kwa sauti, na watu sokoni wakageuka. "Ebo! Semu wangu mimi!"

*

Semu, mdogo wake Loyi, alilala chumba cha nyuma cha nyumba ya Tsongo na alikula chungu cha mbele. Kazi yake ilikuwa kupiga picha: harusi, ubatizo, pasipoti. Tangu mwaka uliopita gazeti moja la Kampala lilikuwa limenunua picha zake tatu, na hapo ndipo alipomwendea fundi akashonewa koti lisilo na mikono, lenye mifuko kumi na miwili, mgongoni limeandikwa PRESS. Mifuko miwili ilikaa vifaa. Mingine ilikaa karanga, mahindi ya kuchoma na maringo.

Loyi alimkuta akijipaka mafuta mbele ya kioo.

"Hapa chini wameandika nini?"

Semu alilitazama gazeti kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa nje. "Wameandika, 'Marungu ya waasi yaliyokamatwa karibu na Kasese.'"

"Marungu."

"Wao ndiyo waliandika, dada. Miye nilipiga tu."

"Na mwenyewe? Tsongo ulimuona?"

Semu alipapasa mifuko yake yote kumi na miwili kana kwamba jibu aliliweka katika mmojawapo.

"Nilimuona."

"Tangu Jumanne unakula bundu yangu ya muhogo, unaomba mchuzi uongezwe, na ulimuona?"

"Dada, kule kambini nilipiga picha arobaini na moja. Batu beko chini, wamefungwa mikono, shemeji katikati yao. Gari la mizigo. Vinu. Yote nilipiga. Afande akaja, akasimama nyuma yangu, akasema futa. Moja moja. Futa, futa, futa. Akaacha hii moja."

"Na Tsongo iko katika ngapi?"

"Katika zile arobaini," akasema Semu, na akaanza kulia, mafuta usoni yakichanganyika na machozi.

Msimcheke sana. Wiki ile kufuta kulikuwa ndiyo kazi ya wilaya nzima. Kwenye kila kizuizi cha barabarani watu walitoa simu kama mgonjwa anavyotoa ulimi kwa daktari. Kataliko, mwendesha boda boda jirani, alifutishwa picha ya mbuzi wake aliyemchinja siku ya ubatizo wa mwanawe, kwa sababu ilikuwa na damu. Redio ya mjini, iliyozoea kutangaza hata ng'ombe aliyepotea, ilipiga kwaya toka asubuhi hadi jioni, kana kwamba Wasabato, Wakatoliki na Waanglikana wamepatana ghafla. Walioona kitu walisema hawakuona. Wasioona kitu ndio walioandika.

"Vinu vilikwenda wapi?" akauliza Loyi.

"Afande alisema vinaharibu picha. Alisema mutu akiona kinu atafikiri jikoni. Wakaviondoa."

"Tsongo ni mzima?"

"Mzima."

"Mzima mzima?"

"Amechoka, dada." Semu hakumtazama. "Jumamosi asubuhi iko lori. Linawapeleka mashariki, mbali, kwa mahakama."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Loyi aliketi juu ya kitanda cha Semu, akakalia kamera kidogo, wala hakusikia. Mtu akipakiwa kwenye lori na jina la muasi, nani atashuka naye huko kumwambia hakimu kwamba huyu ni mtu wa sombe?

Mama yake Tsongo, Edisa, aliingia na fimbo yake akauliza nani amekufa. Alipoambiwa hakuna, akauliza basi kelele za nini. Wakamweleza. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na kitu, masikio yake yalikuwa yamestaafu, lakini macho yake yaliweza kuona chawa juu ya mtu wa ng'ambo ya mto. Akalichukua gazeti, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akalitazama. Loyi alijitayarisha kwa kilio.

"Yesu wangu!" akasema Edisa. "Mutu muzima! Mutu muzima na kofia yake anakalia kinu!"

"Mama, tunaongea juu ya michi."

"Miye naongea juu ya matako. Ona!"

Wakaona. Nyuma ya turubai, chini ya afande yule mnene aliyeua chui, hapakuwa na kiti. Palikuwa na kinu kimepinduliwa, kitako juu. Mtu aliyeamuru vinu viondolewe visiharibu picha alikuwa amekiondoa kimoja hadi chini yake mwenyewe. Alikuwa amechoka, kikamfaa, akasahau kwamba ni kinu. Picha ile yeye mwenyewe ndiye aliyeipitisha.

Semu aliwasha kamera haraka, kwa kuwa ile moja alikuwa ameachiwa, akaivuta ikawa kubwa. Tsongo alikuwa na desturi yake. Kila mchi huchongwa kwa kipimo cha kinu chake, na mchi wa kinu kingine hutwanga pembeni, majani ya katikati yakabaki mazima. Zamani wateja walivichanganya sokoni, wakarudi na matusi. Basi akaanza kuvichoma alama kwa msumari wa moto: kinu cha kwanza nukta moja na mchi wake nukta moja, cha pili nukta mbili na mchi wake nukta mbili, hadi mwisho. Kwenye picha, katikati ya magoti ya afande, zilionekana nukta nne zimekaa sawasawa. Na kwenye turubai, rungu la nne la waasi lilikuwa na nukta nne.

"Kesho asubuhi tunaenda," akasema Loyi.

"Nani?" akauliza Semu.

"Sisi. Na hilo koti ulivae."

*

Edisa alitaka kubeba mchi wa nyumbani wauonyeshe. Kataliko aliapa kwamba mchi hautapanda pikipiki yake. "Mama, siku hizi heri nibebe maiti. Maiti nitaeleza." Wakapatana wabebe furushi la majani ya sombe. Loyi aliketi nyuma, Edisa katikati na gomesi, gauni lake la Jumapili, gazeti limekunjwa ndani ya mshipi. Semu alifuata na boda ya pili, akiomba Mungu njia nzima ipate pancha. Mungu alikuwa na kazi nyingine.

Kambi ilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba, mbele ya Kisinga, kando ya barabara. Getini alikaa askari mmoja kijana, bunduki juu ya mapaja.

"Simama hapo! Nabeba nini?"

"Sombe," akasema Loyi.

"Na huyu mzee?"

"Gazeti."

"Gazeti hakuna ruhusa kuingia."

"Iko na picha ya afande wako," akasema Edisa.

"Hiyo ndiyo kabisa hakuna ruhusa."

Edisa alikuwa hamsikilizi. Aliinama, akakitazama alichokalia kijana yule, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Unaitwa nani, mwana wangu?"

"Oyet."

"Oyet, umeoa?"

"Mwezi wa tisa."

"Haya. Na unakalia kinu." Akavuta pumzi. "Kwetu, mwanamume akikalia kinu, akifika kwa bibi yake analalaka tu kama mutoto aliyenyonya."

Oyet alisimama kama aliyepandwa na siafu. Akakitazama kinu, chenye nukta mbili, akamtazama bibi. "Nani amesema?"

"Bibi yangu alisema. Na bibi ya bibi yangu."

"Na dawa iko?"

"Iko. Kwanza nione afande."

Geti lilifunguliwa. Serikali ina nguvu, lakini hakuna askari aliyewahi kufundishwa namna ya kujilinda na jambo hilo.

Ndani ya ghala, Kapteni Benon, yule afande mnene wa gazetini, alikuwa kwenye meza ya masanduku akisoma karatasi. Huyu ndiye aliyekuwa ofisa wa habari, na kazi yake katika vita ile ilikuwa kuchagua nini kimetokea. Kinu cha nukta nne kilikuwa chini yake bado. Alikipenda hadi akakitandikia taulo. Askari wengine wanne walikuwa wameketi kuzunguka ukuta, kila mmoja juu ya kinu chake, wakila posho na maharage.

"Hii ni nini?" akauliza Kapteni. "Kikundi cha akina mama?"

Loyi alipiga magoti. Hakupenda kupiga magoti mbele ya mtu anayekalia kinu, lakini alipiga. "Afande, nimekuja kuomba mume wangu. Anaitwa Tsongo. Ni mchongaji."

"Hapa hakuna mchongaji. Hapa iko waasi."

"Ndiyo, afande. Basi naomba kinu changu."

"Kinu gani?"

"Hicho umekikalia."

Askari mmoja alipaliwa na maharage. Kapteni alijitazama chini polepole. Oyet, aliyekuwa amefuata nyuma, akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akamnong'oneza wa tatu, na mmoja mmoja, kila mtu akisingizia jambo lake, askari wanne wakasimama. Mmoja alikwenda kunawa. Mmoja alitaka kuona kama mvua inakuja.

"Kuna nini?" akabweka Kapteni.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Edisa alimwambia, kwa sauti ya watu wenye masikio yaliyostaafu, ikasikika hadi barabarani. Kapteni alicheka kicheko cha mtu msomi. Akabaki ameketi ili waone kwamba yeye haamini. Akahesabu karatasi mbili, akasaini moja. Kisha akasimama, akasema kwamba mgongo unamuuma.

Loyi alikipindua kinu, akaondoa taulo, akaonyesha nukta. Akaeleza habari ya mchi na kinu chake, akaomba aletewe rungu lenye nukta nne.

"Silaha haiguswi na raia," akasema Kapteni.

"Basi iguse wewe, afande."

Oyet alikuwa ameshakimbia kuuleta. Mchi ukaingia kinuni, ukakaa. Loyi alitupa majani, akatwanga. Alitwanga kwa hasira ya siku kumi, na harufu ya sombe mbichi ikajaa ghala la wanaume waliokuwa wakila maharage wiki ya pili. Wawili walisogea bila kuamriwa.

"Ona, afande," akasema akihema. "Rungu hili linaua majani tu."

Kapteni Benon hakuwa mjinga, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mjinga angepiga kelele. Yeye alilikunjua gazeti la Edisa, akaitazama picha, akayatazama magoti yake na kilicho katikati yake.

"Mama," akasema mwishowe, karibu kwa upole, "picha imeshapita. Mimi nimepitisha, Kampala wamepitisha, watu wamesoma. Leo niseme ni michi? Mimi nitakuwa nani?"

Loyi alilijua jibu. Alilimeza.

"Bwera banajua tayari," akasema Edisa. "Sokoni tangu jana banacheka. Mutu akipita na mchi banasema, pisha silaha. Na hawajaona bado ulichokalia. Miye nitawaonyesha mmoja mmoja. Nina nafasi, shamba nimewachia watoto."

"Wanacheka?"

"Sana, mwana wangu."

Hapo ndipo alipoguswa. Kulaumiwa alikuwa amezoea. Alizunguka meza mara mbili, kisha akapata wazo, na uso wake ukapendeza kabisa.

"Kijana wa picha," akamwambia Semu aliyejibanza mlangoni. "Kuja."

*

Walimleta Tsongo kutoka nyuma. Shati lake lilikuwa limegeuzwa ndani nje, na alikuwa amekonda mashavu. Loyi aliita jina lake. Tsongo aliitikia kwa kichwa tu, akaziba mdomo kwa mkono kama mwenye kikohozi.

Kapteni alieleza mpango wake huku akiwapanga watu. Vinu sita viwekwe safu, wima, vifutwe vumbi. Tsongo asimame kulia, yeye Kapteni kushoto, wapeane mikono juu ya kinu cha nukta nne. Gazetini itaandikwa kwamba muasi mmoja amesalimisha silaha zake kwa hiari, serikali imemsamehe, na imempa vinu sita aanze maisha mapya. Marungu yatabaki kambini kama vielelezo. Huyu bwana atakwenda nyumbani leo leo.

"Vinu vyangu," akasema Tsongo ndani ya mkono wake.

"Vya serikali. Wewe unapewa."

"Nilivichonga kwa mikono hii. Sikupigana na mutu. Nikipokea hapo mbele ya kamera, miye ni muasi mpaka siku ya kunizika."

Alisema kweli, na kila mtu ndani ya ghala lile alijua kwamba alisema kweli, hata nzi. Oyet aliangalia viatu vyake. Semu alikuwa na kamera kifuani na koti lake la mifuko kumi na miwili, na jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye herufi.

"Basi kesho lori," akasema Kapteni. "Mimi sina haraka."

Loyi alitoka penye safu ya vinu. Alimwendea mumewe hadi karibu, akamshika shati lile la ndani nje. Alikuwa akimjua Tsongo: mtu wa kugombana na mteja nusu siku kwa ajili ya nukta moja. Akikataa, angekataa hadi mwisho, na angekuwa na haki, na haki hiyo ingempeleka mashariki ndani ya lori.

"Baba," akasema, kama alivyomwita nyumbani. "Haki ni yako. Ukipanda nayo lori, miye nitabaki kula nini, kumbukumbu? Pokea. Pokea vinu vyako turudi."

"Watasema nini kanisani?"

"Watasema. Na wewe utakuwepo kuwasikia."

Tsongo aliitazama safu ya vinu. Halafu akashusha pumzi, akanyoosha mkono juu ya kinu, Kapteni akaushika.

"Tayari," akasema Kapteni. "Cheka. Wewe, cheka, serikali imekusamehe! Cheka kabisa!"

Na Tsongo akacheka kabisa.

Hapo ndipo Loyi alipoona. Meno mawili ya mbele, ya juu, hayakuwepo, na ufizi ulikuwa mweusi bado. Kwenye kizuizi cha barabarani, Jumatatu ile, Tsongo alikuwa amesema mara tatu kwamba mzigo wake ni vyombo vya jikoni, na mara ya tatu alijibiwa kwa kitako cha bunduki. Semu aliyajua hayo tangu Jumanne. Yalikuwa katika zile arobaini. Loyi alijishika kinywa chake mwenyewe, kana kwamba maumivu yamehamia huko.

Kamera ililia. Kapteni akaja kuitazama picha, akakunja uso.

"Futa."

Semu akafuta.

"Cheka na mdomo umefungwa."

Tsongo alijaribu. Ikatoka sura ya mtu anayemeza dawa. Futa. Akajaribu tena, ikatoka sura ya mtu anayemtukana Kapteni kimoyomoyo, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Futa. Ya tano Kapteni mwenyewe alifumba macho. Futa. Ya nane Edisa aliingia kwa nyuma akitafuta fimbo yake. Futa! Ya kumi ilipita.

Wakati vinu vinapakiwa, Oyet alimvuta Edisa kando. "Mama, ile dawa."

"Dawa ni moja," akasema Edisa. "Mchi urudi kwa kinu chake. Ulichokalia wewe ni cha nukta mbili."

*

Picha ilitoka Jumanne. Wakati huu Loyi alilinunua gazeti mwenyewe, na Sylivia hakucheka. Alimpa samaki mmoja wa bure na kutazama pembeni, jambo lililokuwa baya kuliko kicheko. Jumapili kanisani, mzee aliyekaa benchi moja na Tsongo miaka kumi alihamia benchi la mbele, akasema huku nyuma kuna upepo. Mhubiri alimwombea Tsongo kwa jina, kama kondoo aliyerudi, na Tsongo, ambaye mwezi mzima hakuwa ametoka nje ya zizi ila kwa kufungwa kamba, aliinamisha kichwa akasema amina ya mdomo uliofungwa. Loyi alilia pale pale benchini, kwa sauti, na watu wakadhani ni furaha.

Vinu sita vilisimama uani bila michi. Kuchonga mingine ilikuwa rahisi, kuipitisha barabarani ndiyo ilikuwa taabu. Kwa sasa mchi ulikuwa silaha kwa mujibu wa gazeti. Asubuhi moja waliukuta mmoja umeegemezwa mlangoni, umefungwa ndani ya gunia, una nukta mbili. Edisa alisema ndoa imepona.

Tsongo hakucheka. Akiongea aliweka mkono mbele ya mdomo, hata mbele ya mkewe, hata akila. Loyi alimtwangia sombe laini, akamlainishia bundu, akamwambia kwamba anampenda hivyo hivyo. Tsongo aliitikia kwa kichwa.

Semu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jumamosi alitoka chumba cha nyuma bila koti lake, kamera mkononi, akasimama uani mbele ya shemeji yake.

"Shemeji, naomba picha moja."

"Picha zangu unazo."

"Sina hata moja. Zote alizichagua mwingine." "Shemeji, nilikuona siku ile nikanyamaza. Nilikula bundu yako nikanyamaza. Nipige hii moja, halafu kama unataka nihame, nitahama."

Edisa, aliyekuwa akichambua maharage, hakusikia neno lakini aliona kila kitu. Akainuka, akaenda kwenye kinu cha nukta nne kilichokuwa kimepinduliwa kikauke. Akajishikilia kiuno. Akainua gomesi yake kidogo, akajishusha polepole juu yake, akaweka mikono juu ya magoti, akavimbisha mashavu, akatazama mbele kama aliyeua chui.

Loyi aliangusha sufuria. Tsongo alijaribu kujizuia, mkono ukapanda kuelekea mdomoni, haukufika. Akacheka. Alicheka na kinywa chote wazi, pengo na ufizi na ulimi, machozi yakimtoka, na kamera ikalia.

Semu aliitazama picha. Kidole chake, kwa mazoea ya wiki zile, kilikuwa kimeshakwenda juu ya kitufe. Akakiondoa.

Picha ile ilisafishwa na ikabandikwa ukutani sebuleni, kubwa, kando ya kipande cha gazeti. Semu hakuhama. Wageni wakija huzitazama mbili hizo, na wengi huona aibu kuuliza. Edisa huwaonyesha kwa fimbo bila kuulizwa.

"Huyu aliyefunga mdomo ni wa serikali," husema. Kisha fimbo huhamia kwenye ile ya pili. "Huyu ni mwanangu."